Alimbongo: mwenyeji wa Julai, mgeni wa Desemba

*Vita vya Lubero vimezigeuza nyumba za watu wa kawaida kuwa makazi ya umma, ingawa serikali haijajenga hata chumba kimoja. Wanaoubeba mzigo huo bado hawana kiti pale maamuzi yanapofanyika.*

Saa kumi na mbili za jioni, parseli moja ya Butembo inafuka moshi wa majiko matatu. Nyumba ni moja: vyumba vitatu na sebule, kuta za udongo zilizopigwa saruji hadi usawa wa kiuno, paa la manjanja, kama tunavyoyaita mabati huku kwetu. Jiko la kwanza ni la mwenye nyumba. La pili ni la shemeji yake aliyekimbia Alimbongo na wanawe. La tatu ni la familia ambayo shemeji huyo aliikuta njiani ikitokea Kirumba, haina ndugu mjini, akaiambia ifuatane naye.

Usiku ukiingia, nyumba inapangwa upya. Meza ya sebuleni inasogezwa ukutani, mikeka inatandikwa, wasichana wanalala hapo. Wavulana wakubwa wanavuka barabara kwenda kulala kwa jirani. Kitanda kinaachiwa bibi kizee, maana baridi ya milima hii huingia kwenye mifupa. Alfajiri, foleni ya choo inaanza kabla jogoo hajawika.

Parseli ya namna hii haina haja ya kutafutwa. Tangu katikati ya mwaka 2024 imo katika mitaa ya Butembo, imo Lubero na Musienene, imo hadi Beni.

Kisha siku moja anafika kijana mwenye fulana ya shirika na simu mkononi. Anauliza deplase, yaani waliokimbia vita, wa hapa ni wangapi. Anawaandika wa Alimbongo, anawaandika wa Kirumba. Mwenye nyumba haandikwi. Yeye hakukimbia vita, na kwenye fomu hakuna mstari wake.

Makala haya yanamhusu mtu huyo asiye na mstari, pamoja na wageni wake.

Miezi mitano tu

Alimbongo iko kwenye uti wa milima ya wilaya ya Lubero, juu ya barabara ya taifa namba 2: ile inayotoka Goma, ikapita Rutshuru na Rwindi, ikapanda Kabasha hadi Kanyabayonga, kisha Kayna, Kirumba, Alimbongo, Lubero, ikavuka Ikweta na kuingia Butembo, na mwisho Beni. Ni nchi ya ukungu na mikaratusi, ya viazi na kabichi. Malori ya mboga yakiteremka kutoka huko, Butembo inakula.

Mwezi wa Machi 2024, waasi wa M23 walipoingia Rwindi na Nyanzale, watu wa Rutshuru walipanda mlima hadi Kanyabayonga. Tarehe 28 Juni Kanyabayonga ikaanguka, na baada ya muda mfupi Kirumba nayo. Wakimbizi wa Rutshuru wakakimbia tena, safari hii pamoja na wale waliokuwa wamewapokea. Njia ilikuwa moja, kaskazini, na Alimbongo ilikuwa juu ya njia hiyo.

Watu wa Alimbongo walifungua milango. Madarasa na makanisa yalijaa kwanza, kisha nyumba. Mwezi wa Julai kulitangazwa mapumziko ya kibinadamu, silaha zinyamaze kuanzia tarehe 5. Yakaongezwa hadi mwanzoni mwa Agosti, halafu likaja agano la Luanda la kusitisha mapigano kuanzia tarehe 4 Agosti. Katika majuma hayo ya kusubiri, mgeni alianza kuzoea njia ya kisima, na watoto wakajifunza majina ya watoto wa jirani.

Katikati ya Desemba 2024 Alimbongo yenyewe ikachukuliwa. Ni siku zile zile ambazo mkutano wa Rais Tshisekedi na Rais Kagame, uliopangwa kufanyika Luanda tarehe 15, ulivunjika kabla haujaanza. Aliyempokea mtu wa Kirumba mwezi wa Julai sasa alifunga godoro lake kwenye pikipiki, na wengi waliondoka kwa miguu, mwenyeji na mgeni wakiwa kwenye barabara moja. Februari 2025 vita vilisogea karibu na Lubero mjini.

Nimeyaeleza haya kwa tarehe kwa sababu wanaopanga misaada hupenda kuwagawa watu kwa makundi mawili, waliokimbia na waliopokea. Alimbongo inaonyesha kwamba ni watu wale wale, na kilichowatenganisha ni miezi mitano.

*«Aliyetoa chumba Alimbongo mwezi wa Julai, mwezi wa Desemba alikuwa akiomba chumba Butembo.»*

Nyumba za umma bila mjenzi

Katika nchi nyingine, makazi ya umma ni majengo: serikali au manispaa inajenga, mpangaji analipa kodi nafuu, na kunakuwa na kamati ya wakazi inayolalamikia ngazi zilizovunjika. Sisi pia tuliwahi kuonja kidogo. Mwaka 1952 Wabelgiji waliunda shirika la nyumba lililojulikana kwa herufi OCA, likajenga maelfu ya nyumba katika miji mikubwa ya koloni. Bukavu liliiacha Bagira. Ng'ambo, Bujumbura, liliacha mtaa ambao wazee hadi leo wanauita OCAF, yaani Ngagara. Wakazi walipangiwa kila kitu, kuanzia ukubwa wa chumba hadi mahali pa mlango. Baada ya 1960 kazi hiyo haikupata mrithi wa kweli.

Butembo haikuwamo katika mpango ule. Ilianza kama kambi ya kampuni ya madini ya MGL, ikakua kwa nguvu za wafanyabiashara, wakulima na parokia, na hadhi ya kuitwa mji kisheria iliipata mwaka 2003 tu, pamoja na Beni. Barabara za ndani zimechimbwa kwa salongo, ile kazi ya pamoja ya wakazi. Wenye maduka walichanga kwa ajili ya uwanja wa ndege wa Rughenda. Mtu wa Butembo akisema «tumejenga», hamaanishi serikali.

Kwa hiyo vita vilipokuja, hakukuwa na ofisi ya nyumba ya kugonga mlango wake, wala kambi kubwa za mahema kama zile zilizoizunguka Goma. Kulikuwa na shemeji. Kulikuwa na mtu wa kanisa lako, au mteja wako wa viazi wa miaka mingi. Katika Kongo Mashariki kwa jumla, walio wengi kati ya waliohamishwa na vita huishi kwa familia zilizowapokea, na Grand Nord yetu, yaani Beni, Lubero na Butembo, ndiyo iliyozoea zaidi. Tangu mauaji ya Beni yalipoanza Oktoba 2014, nyumba za Beni, Oicha na Butembo zimekuwa zikipokea watu mwaka hadi mwaka, na wengi wa waliopokelewa zamani nao sasa wana wageni wao.

Huu ndio mfumo wetu wa makazi ya umma. Una maelfu ya vyumba, lakini hauna bajeti. Una sheria zake ambazo hazikuandikwa popote, na wakazi ndio wanaouendesha kuanzia asubuhi hadi asubuhi.

Waliopendelea kambi walikuwa na hoja yao: kambini watu wanahesabika, maji yanaletwa kwa lori, daktari anajua pa kwenda. Lakini Februari 2025, baada ya Goma kuchukuliwa, watu wa kambi za Bulengo, Lushagala na nyinginezo waliambiwa na M23 waondoke ndani ya saa 72. Mahema yakang'olewa, vyoo vikabomolewa. Chumba cha shemeji hakifutwi kwa tangazo moja. Kinachoweza kukifunga ni uchovu wa shemeji mwenyewe.

Shimo la choo

Ukitaka kujua ushirikiano wa wakazi unavyofanya kazi, usianzie kwenye mkutano. Anzia kwenye choo.

Shimo lililochimbwa kwa ajili ya watu saba lilitarajiwa kudumu miaka mingi. Likitumiwa na watu ishirini, linajaa ndani ya miezi. Parseli za Butembo ni finyu, na nyingi ziko kwenye mteremko. Mvua za Septemba hadi Desemba zikishuka, maji ya shimo lililojaa yanatafuta njia, na chini ya mteremko mara nyingi kuna chemchemi iliyojengewa bomba, ambako mtaa mzima unachota.

Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza. Shimo jipya litachimbwa wapi? Mwenye nyumba alikuwa amekiacha kipande kile kwa ajili ya chumba cha mwanawe atakapooa. Mgeni ana mikono, hana magogo ya kufunika shimo. Jirani wa juu ana mkaratusi mmoja. Jirani wa chini anahofia chemchemi. Wanakutana watu watano au sita, wamesimama, wala hakuna anayeandika. Wageni watachimba, mwenye nyumba atatoa mahali, jirani atatoa gogo, na wa chini atakubali mradi shimo lisogezwe hatua kumi.

Kwangu mimi hicho ni kikao cha makazi kilichokamilika: kila mwenye hasara inayoweza kumpata amesema, na kazi imegawanywa kwa uwezo. Serikali zenye wizara nzima za nyumba hazifiki hapo kwa urahisi.

Mambo mengine yanafuata. Nani anachota maji, nani analinda watoto wakati akina mama wako shambani. Mgeni wa kike akikaribishwa kwenye likelemba, ule mzunguko wa kuchangiana ambao majirani zetu wa Tanzania wanauita upatu, hiyo ni ishara kubwa: wanaamini kwamba juma lijalo bado atakuwepo. Mwanamume akitokea kwenye salongo na jembe lake, shefu wa avenyu anaanza kumwita kwa jina.

Sitaki mtu adhani napamba. Nyumba ile ile inaweza kuficha mambo mabaya. Kuna mgeni anayefanyishwa kazi za shamba bila chakula cha kutosha kwa kuwa «amelala bure». Kuna msichana anayelala sebuleni ambayo haina mlango. Kuna mwenyeji aliyeuza mbuzi wake wa mwisho kulisha watu wasio wake, na haya inamzuia kusema kwamba amechoka. Watu wetu wanaona aibu kumfukuza mgeni, na aibu ni ukuta dhaifu wa kuegemeza sera.

Daftari la shefu, simu ya shirika

Msaada unapofika, unafika kwa orodha. Mwenye jina hupata jetoni, na mwenye jetoni hupata turubai, sufuria, unga, au fedha kidogo. Kwa hiyo vita vya kimya kimya katika kartiye, yaani mtaa, ni juu ya orodha.

Orodha ya kwanza huwa ya shefu wa kartiye. Anaikusanya kupitia mashefu wa seli na wa avenyu, na chini yao wale wa nyumba kumi. Hoja yake ni nzito: yeye ndiye anayewajua watu, yeye ndiye anayeitwa usiku mgeni asiyejulikana akionekana, na katika eneo ambalo wauaji wameingia vijijini kwa kujifanya wapita njia, kumjua mgeni ni suala la uhai. Lakini shefu hachaguliwi na wakazi. Anateuliwa. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na mameya wa Butembo na Beni wamekuwa maofisa wa polisi. Uchaguzi wa madiwani wa komini wa Desemba 2023 ulifanyika katika miji mikuu ya majimbo. Butembo na Beni hazimo. Mkazi asiyeridhika na orodha hana diwani wa kumpigia simu.

Mashirika nayo yana hoja yao. Yamewahi kuletewa orodha zenye majina ya marehemu, ya watoto waliozaliwa juzi kama wakuu wa kaya, ya ndugu wa shefu. Ndiyo maana yanatuma watu wao na simu zao, nyumba hadi nyumba, na yanaweka vigezo: wajane, wazee, walemavu, watoto wasio na wazazi, wanaonyonyesha. Kwanza aliye dhaifu zaidi. Ni kanuni ya haki, na katika siku za mwanzo, watu wakiwa bado barabarani, kasi inaokoa maisha kuliko mkutano.

Kasoro inatokea mwezi wa tatu na wa nne, wakati barabara imetulia na watu wako ndani ya nyumba. Vigezo bado vinamhesabu mtu mmoja mmoja, ilhali maisha yanaendeshwa na nyumba. Mjane wa Alimbongo anapewa mfuko wa unga. Mwenyeji wake, mwenye watoto wanane na deni la duka, hapewi. Jioni unga ule unapikwa kwenye jiko moja, kwa hiyo wote wanakula. Lakini neno limeshasemwa uani, na halirudi.

Umoja wa Afrika uliliona jambo hili mapema. Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009 unazitaka serikali ziwashauri waliohamishwa na kuwaruhusu kushiriki katika maamuzi yanayohusu ulinzi na msaada wao. Pia unataka mahitaji ya jamii zinazowapokea yaangaliwe. Kwenye parseli yetu ya majiko matatu, hakuna aliyeshauriwa kuhusu lolote zaidi ya idadi ya vichwa.

*«Vigezo vinamhesabu mtu mmoja mmoja, ilhali maisha yanaendeshwa na nyumba.»*

Ebola ilitufundisha kwa gharama kubwa

Hatuwezi kusema hatukuonywa. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa Mangina, karibu na Beni, na ulipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Magari ya riposti, kama tulivyouita mpango wa kupambana na ugonjwa, yalipita kwa kasi mitaani. Wageni walilipwa vizuri. Wakazi waliona watu wao wakichukuliwa na kuzikwa na watu wasiowajua.

Desemba 2018 tume ya uchaguzi ikaahirisha upigaji kura wa Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama mdogo, wakati nchi nzima ilikuwa ikimchagua rais. Tarehe 30 Desemba watu wa Beni walijipanga foleni, wakanawa mikono, wakapiga kura yao wenyewe kwenye masanduku yao wenyewe, ijapokuwa walijua haitahesabiwa. Miezi miwili baadaye vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili 2019 daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko, aliuawa Butembo, kazini.

Mambo yalianza kulainika pale vijana wa mtaa walipofundishwa mazishi salama na kuwazika watu wao kwa heshima, na kamati za kartiye zilipopata nafasi ya kusema ni nani aingie nyumba gani na kwa lugha gani.

Kuna somo la pili, chungu zaidi. Septemba 2021 tume huru ilitoa ripoti juu ya unyonyaji wa kingono katika riposti ile. Ilihesabu watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Wanawake walikuwa wamedaiwa miili yao ili wapate kazi. Kila mwenye uwezo wa kuandika au kufuta jina, bila mkazi yeyote kumtazama, amepewa silaha. Hilo linahusu orodha ya Ebola sawasawa na orodha ya turubai.

Garanti

Baada ya miezi kadhaa wageni wengi hutaka kutoka kwa shemeji na kupanga chumba chao. Heshima ya mtu mzima iko kwenye mlango wake. Hapo wanakutana na garanti, ile amana anayodai mwenye nyumba.

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema kwamba kwa nyumba ya kuishi, garanti isizidi kodi ya miezi mitatu. Kinshasa wenye nyumba wamezoea kudai miezi kumi na zaidi, na mazoea hayo yanasafiri. Hata miezi mitatu ni mlima kwa mtu aliyeacha shamba lake Alimbongo likiwa na mazao. Na mjini mahitaji yanapopanda kwa ghafla, kodi inapanda kwa wote, pamoja na mpangaji wa zamani ambaye hakuhamishwa na mtu ila sasa anahamishwa na bei.

Sheria ipo. Lakini mwenye kuisimamia angekuwa nani? Komini ina ofisi, ila aliyelala uani kwa mtu haendi kumshtaki mwenye chumba anachokitafuta.

Wengine wamejaribu njia tofauti. Jordani, kuanzia mwaka 2013, Baraza la Wakimbizi la Norwe lilikwenda kwa wenye nyumba ambazo ujenzi wake ulikwama, hasa kandokando ya Irbid, likawapa fedha za kumalizia chumba. Kwa malipo hayo familia ya Wasiria ilikaa bila kodi kwa muda ulioandikwa kwenye mkataba. Mwenyeji alibaki na chumba, mgeni alipata muda. Butembo imejaa kuta zilizosimama bila paa zikisubiri manjanja. Shehena ya mabati na misumari, mkataba wa kurasa mbili uliosomwa kwa sauti mbele ya shefu na majirani, mwaka mmoja wa kukaa: si ndoto kubwa.

Na kuhusu nani aamue, jirani zetu wa Nairobi wameonyesha. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mipango maalumu, mahali penye kaya takriban laki moja katika vibanda vya mabati. Muungano wa Wanavijiji na washirika wake waliwapanga wakazi kwa vikundi vya nyumba kumi, kila kikundi na sauti yake, hadi kufikia mpango wa mtaa mzima: barabara ipite wapi, maji yaingie vipi. Nyumba kumi ni neno tunalolijua sana hapa, lakini kwetu limetumika zaidi kumtazama mgeni anayeingia usiku. Lingeweza kutumika kumsikiliza.

Mfuko unapopungua

Yote haya yamekuja wakati mbaya. Mwaka 2024 Marekani peke yake ilikuwa ikilipia karibu asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu zilizopokelewa na Kongo. Januari 2025, juma lile lile Goma ilipokuwa ikianguka, mkono huo ulizuiwa. Gavana mpya wa Kivu Kaskazini, Meja Jenerali Evariste Somo Kakule, alianza kazi akiwa Beni badala ya Goma, na mji huo uliokuwa umezoea kupokea wakimbizi ukaipokea na serikali ya jimbo.

Mtu anaweza kusema: fedha zikiwa chache, hakuna wakati wa kamati, tugawe kilichopo. Mimi naona kinyume. Kilicho kingi kikigawiwa vibaya, bado kinamfikia kila mtu kidogo. Kilicho kidogo kinahitaji macho ya wengi. Turubai mia moja kwa kartiye yenye nyumba mia tano za majiko matatu ni uamuzi ambao kijana mwenye simu hapaswi kuachiwa peke yake, wala shefu peke yake. Mezani waweko mwenyeji, mgeni, na mpangaji wa zamani aliyepandishiwa kodi, nusu yao wakiwa wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaojua usiku nani amelala wapi. Orodha ibandikwe ukutani kwa kanisa na isomwe Jumapili, kwa Kiswahili na kwa Kinande, ili mwenye neno aliseme kabla mfuko haujafunguliwa. Na iandike nyumba: wangapi wanalala humo, majiko mangapi, choo cha namna gani.

Kamati za deplase zipo tayari katika sehemu nyingi, zenye mwenyekiti na katibu. Zinaitwa siku ya ugawaji kupanga foleni. Kuitwa siku ya kupanga vigezo ni jambo jingine, na ndilo ninaloliulizia.

Julai 2024 huko Alimbongo, wageni wa Kirumba walipoonekana hawatarudi upesi, baadhi ya wenyeji walifanya kile kinachofanywa milimani tangu zamani: walimwonyesha mgeni kipande cha shamba. Mbegu za viazi huingia ardhini mvua za Septemba zikianza, na hukaa miezi mitatu hadi minne. Katikati ya Desemba, magodoro yalipokuwa yakifungwa kwenye pikipiki, viazi hivyo vilikuwa vimefika wakati wa kuchimbwa.

Msimu uliofuata, kwenye miteremko ya nje ya Butembo, mwenye shamba wa Alimbongo alikuwa akipiga jembe kwenye kipande cha mtu mwingine, kwa makubaliano ya nusu kwa nusu, na mbegu za kukopa.